Barua Iliyochukua Mahali pa Picha Yetu

Mpendwa Mama Wakio,

Jua la Sagalla limekausha mahindi tena, nami nimechoka. Lakini si mahindi yanayonifanya nikuandikie.

Unakumbuka siku binti yetu Wakio alipoitwa chuo kikuu? Niliisoma barua yake kanisani, nikarudi nyumbani, nikaiondoa picha ya harusi yetu ukutani na kuitundika barua mahali pake. Ulikuwa ukichambua mboga. Uliniuliza tu, "Baba Wakio, umemwuliza mtu anayesoma huko?" Nikakujibu kwamba chuo chenye jina kama lile hakiulizwi. Ukacheka. "Hata wewe ulipokuja kuposa, kwetu waliuliza majirani kwanza."

Hukuishi kuyaona yaliyofuata. Masomo ya miaka minne yameingia mwaka wa sita, kwa sababu alama za mitihani miwili hazionekani. Wakio aliponipigia simu, nilimwambia kwamba wanaopoteza alama ni wavivu. Akaacha kunipigia.

Mwezi uliopita nilipanda treni hapo Voi, nikaenda mwenyewe. Nilipanga foleni afisini pamoja na Wakio, katikati ya vijana wenye karatasi za malalamiko kama yake. Karani hakuinua macho. "Mzee, hii ni kawaida. Arudie mtihani."

Sisemi chuo chote kimeoza. Mwalimu mmoja aliacha chakula chake akatusaidia kuzitafuta alama hadi afisi zikafungwa, tusizipate. Lakini jina lile lilijengwa na watu waliokwisha kustaafu kama mimi, nasi tungali tunalisifu. Miaka yangu yote ya ualimu niliwahimiza wanafunzi wakichague chuo kile, wala sikumwuliza hata mmoja aliyerudi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani pamoja, nilimwomba Wakio msamaha. Treni ilipopita Mtito Andei, akasema, "Ungeniamini tu, Baba."

Leo asubuhi kitinda mimba wetu, Mghoi, aliniletea orodha ya vyuo. Ni lazima achague wiki hii. Aliweka kidole kwenye chuo kile kile, akaitazama barua ukutani, akangoja niseme ndiyo.

Nilimwambia, "Kamwulize dada yako kwanza."

Wamo jikoni tangu hapo. Nasikia sauti zao, sijaingia.

Picha yetu nimeipata sandukuni, chini ya kanga zako. Kioo kina ufa. Nitaitundika hivyo hivyo.

Pumzika, mke wangu. Swali lako limechelewa, lakini limeulizwa.

Mumeo,
Baba Wakio