Taa ya Chumba cha Mwali

Morogoro, mwezi wa Rajabu

Kwa dada yangu Mwaisha binti Rehani,

Shikamoo dada. Shikamoo na wewe shemeji Yunusi, najua ndiwe unayemsomea. Shemeji, kabla hujaendelea nakuomba kitu kimoja: kama mmekaa nje na watu wa kambi, ingieni ndani kwanza, mfunge mlango. Hakuna msiba. Mama mzima, mke wangu mzima, watoto wanakula na kugombana kama kawaida yao. Lakini ingieni ndani.

Haya. Baada ya salamu, natumaini afya zenu ni njema, na kile kifua cha shemeji kimepoa, na moshi wa jiko la hao wakubwa wa reli anaowapikia haujamrudisha kitandani. Tunasikia reli imeshapita Kilosa na bado inakwenda. Mama kila akisikia hivyo huguna, anasema Wadachi watatandaza vyuma vyao mpaka wampeleke binti yake mwisho wa dunia. Huku kwetu kipupwe kimeanza. Asubuhi mawingu yanalala mlimani hata miti ya Bigwa haionekani, na watu wanaota moto wamejifunika mablanketi. Ndizi zipo, maharage yapo, mihogo ya Mama imeliwa na nguruwe pori na lawama zote nimepewa mimi.

Nianze na habari za taa, dada, kwa sababu habari nyingine zote za barua hii zimepita humo humo kwenye taa, na pia kwa sababu mkono wangu unaogopa. Ukiona nazunguka, nivumilie. Unanijua, hata utotoni nikivunja mtungi nilianza kwa kueleza habari za kisima.

Tangu treni zianze kuja, madebe ya mafuta ya taa hayana idadi hapa mjini. Ulipoondoka nilikuwa bado fundi wa ndoo na vikombe. Sasa ndoo nani anazitaka? Kila mwenye nyumba anataka taa, wala si kibatari cha kuwatia watu masizi puani. Anataka taa ya kuning'inia, yenye umbo, ya kumfanya mgeni ainue shingo. Basi nikaanza na nyumba yetu, ili watu waone. Sebuleni nimetundika taa kubwa kwenye boriti kwa mnyororo. Chemni yake, kile kioo cha kuukinga moto, nimenunua kwa Mhindi, lakini kofia nimeitengeneza mwenyewe kwa debe, nikaitoboa kwa msumari vitundu vya kuchora majani ya mgomba. Ukiiwasha, ukuta wote unaota migomba. Ukumbini nimepachika taa ya ukutani yenye kipande cha kioo nyuma yake, ili moto mmoja uangaze kama miwili. Hata bwana wa stesheni alipita, akasimama barazani akauliza ni nani aliyezifanya, na nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mama alinifanyia vita. Alisema nyumba ni ya nyasi, nami nimeamua kumchoma angali hai. Mara ya kwanza nilipoiwasha ile ya sebuleni alikaa chini yake na mtungi wa maji mapajani, akaikodolea macho mpaka mafuta yakaisha. Wiki haikwisha nikamkuta anawaita majirani waje kuona kazi ya mwanawe, na mmoja aliyesema sebule yake ni nzuri zaidi akaambiwa arudi kwake akakae na masizi yake.

Sasa sikiliza jambo moja la kazi yangu, maana utalihitaji mbele. Nikiwasha taa mpya mbele ya mtu, mimi siitazami taa. Taa naijua. Natazama macho ya mtu. Mwanga ukiwaka ghafla kila mmoja hukunja uso kidogo, halafu macho hupanda kwenye moto, halafu huanza kutembea ukutani kufuata maua. Hapo ndipo najua kama kazi imependeza au nasifiwa kwa adabu tu. Nimeyatazama macho mengi hivyo mwaka huu.

Nije kwa mwanao Shamsia, yule yule aliyegaragara mavumbini mbele ya duka la Mhindi mpaka akapewa kanga nyekundu, maana ya manjano aliikataa katakata na sote tukaona aibu. Tangu ulipomwingiza ndani na kumwacha mikononi mwa Mama ili umfuate shemeji, mimi mjomba wake nilikuwa namsikia tu nyuma ya ukuta, kama ilivyo desturi. Mwali haonwi na wanaume. Lakini sifa zake zilinifikia kila siku. Kungwi wake, Bi Furaha, alikuwa akitoka mle chumbani anajipepea kwa majivuno. Alisema amefunda wasichana mpaka Kilakala lakini hajapata mwenye adabu kama huyu. Hainui macho. Akitembea hutembea polepole, mkono ukutani. Akipewa kikombe hakinyakui, hungoja awekewe mkononi. Akiitwa hugeuza sikio, si uso. Wenziwe hugombezwa miezi mizima ndipo wajifunze hayo, na huyu yamemjia yenyewe baada ya homa iliyomlaza wakati wa masika.

Mama alifurahi, mke wangu alifurahi, na mimi, dada, nilitembea mjini kifua mbele. Sifa zikafika Bigwa kwa mzee Dadi, baba yake Salehe, mchumba wa binti yetu. Salamu za kutaka siku zikaja, na siku ikapangwa: Shamsia atatolewa nje mwezi ujao wa Shaabani, kabla ya mfungo, na harusi itafuata papo hapo. Ngoma zimeshaagizwa.

Bi Furaha akasema siku zikikaribia mwali huzoeshwa mwanga kidogo kidogo, asije akatolewa juani akaanguka kwa kizunguzungu. Tena wanawake wa kina Dadi watakuja kumtazama, na chumba lazima kiwe cha kupendeza. Basi Mama, yule yule wa mtungi wa maji, akaja kwenye kibanda changu cha kazi akanitaka nitengeneze taa ya chumba cha mwali, iwe nzuri kuliko ya sebuleni. Dada, taa hiyo nimeifanya kwa moyo wangu wote. Nimeitoboa nyota kubwa na ndogo, nikaizungushia ua la bati lililokunjwa kwa koleo kipande kwa kipande. Kuufunga mnyororo wake kwenye boriti kunataka nguvu na ujuzi, kwa hiyo nikaruhusiwa kuingia mchana mmoja, mwali akiwa amejifunika gubigubi, ameelekea ukutani.

Nilitoa salamu mlangoni, nikapita, nikaifunga taa bila kusema neno, nikaiwasha. Chumba kile kisicho na dirisha kikajaa nyota hadi kwenye mkeka. Wanawake wakapiga vigelegele vya chinichini. Mama akamwambia Shamsia kwamba leo ni ruhusa, ageuke afunue uso, aone taa na amshukuru mjomba wake. Akageuka, akafunua. Nami kwa mazoea yangu nikatazama macho yake.

Hayakujikunja. Hayakupanda. Yalikuwa wazi kabisa, mazuri kama yako, na nyota zilimpita usoni wala hakuifuata hata moja. Akainamisha kichwa akanishukuru kwa sauti tamu, akasema taa imependeza sana. Shukrani hizo alizielekeza mlangoni, nilikotoa salamu, na mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, karibu na magoti yake. Bi Furaha akanong'ona kwa fahari kwamba tuone wenyewe, hata mjomba wake hamtazami.

Nikajifanya utambi unatoa moshi. Nikaishusha taa, nikaipitisha mbele ya uso wake karibu ya kumwunguza nyusi. Alirudisha kichwa nyuma kwa sababu ya joto. Hakupepesa.

Dada Mwaisha, mwanao haoni.

Samahani nimekuandikia hivyo kwa mkato, lakini nimejaribu njia nyingine na zote zimenishinda. Nilitoka mle nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Nilijiambia nimekosea, labda ni haya tu za mwali. Kesho yake nikarudi kwa kisingizio cha utambi, Mama akiwa uani anapepeta mchele, nikamwuliza binti kwa sauti ya chini.  Akaniambia kwamba yalianza na ile homa. Kila siku giza la chumba lilizidi, naye akadhani ndivyo lilivyo giza la mwali, akaona haya kuuliza. Alikuja kujua siku Bi Furaha alipomwambia mke wangu aondoe kibatari kinaumiza macho, na yeye alikuwa hajui kama kuna kibatari. Tangu hapo amejifunza chumba kwa vidole na watu kwa nyayo zao. Adabu yote ile tuliyoisifu, dada, ndiyo hiyo.

Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ameshafikiri kila kitu peke yake mle ndani. Alinieleza kwamba siku ya kutolewa mwali hubebwa mabegani na hatakiwi kutazama watu. Harusini atafunikwa. Akifika Bigwa ataijua nyumba kwa miguu kabla mtu hajashuku. Lakini kina Dadi wakisikia sasa watarudi nyuma, watu watasema Mama na Bi Furaha wamemwachia mtoto akarogwa ndani, naye atakaa chumbani mle mpaka nywele ziwe nyeupe. Akanikamata mkono, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, na hasa wewe, maana alisema utajilaumu kwa kuondoka. Niliapa. Niliapa kwa jina la marehemu baba. Na sasa kwa kalamu hii hii nimevunja kiapo changu, na sijui kama mtoto atanisamehe.

Nimekivunja kwa sababu ya macho yake. Watu wanaotoka huko kambini wanasema yupo daktari wa Kidachi anayewatibu vibarua macho yakiingia vumbi na vipande vya mawe. Shemeji, wewe ndiye unayempelekea chakula. Mwulize. Mwambie ni mtoto wako, ilikuwa homa, ni tangu masika. Labda homa imeacha kitu kinachoweza kuondolewa. Labda hakiondoki. Shamsia aliniambia kwamba pale taa ilipo anaona kama weupe, kama nguo iliyoanikwa mbali. Au alisema hivyo ili kunipa moyo, sijui. Lakini kila siku ninayonyamaza naona kama ni mimi ninayeuzima huo weupe.

Na kuna Salehe. Kijana yule ni mwema, dada, si wa kufanyiwa hila. Ijumaa iliyopita alinifuata baada ya swala, ana haya zake, anatazama viatu vyake, akaniambia anamalizia nyumba na amesikia sifa za taa ya mwali. Ameniagiza nyingine kama ile, ya chumba chao, apate kumshangaza mkewe. Debe lake lipo mezani kwangu, limekatwa. Nikishika msumari nitoboe nyota ya kwanza, mkono unakataa.

Mimi ni mjomba, na kwetu neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake ndilo linalosimama. Nililipenda neno hilo lilipokuwa jepesi. Msipokuja kabla mwezi wa Shaabani haujaandama, itanibidi ama nisimame mbele ya watu niizuie ngoma, ama ninyamaze nimwone anabebwa kwenda Bigwa. Siwezi hili wala lile. Shemeji, omba ruhusa, na wakikunyima mpandishe dada peke yake kwenye treni, nitakuwa stesheni kila inapoingia. Njooni kama watu waliokuja kwa sherehe. Shamsia akinikasirikia, na anikasirikie akiwa ameonwa na daktari.

Mama anawasalimu sana, hajui lolote, anashona mikeka ya wageni na kuimba. Mke wangu anawasalimu. Bi Furaha anakusalimu na kukupongeza kwa mtoto uliyemzaa. Majirani wote wanawasalimu.

Shamsia naye anakusalimu mno. Nilimwambia nakuandikia habari za taa, akacheka, akasema nisizisifu kupita kiasi. Ndipo nikamwuliza, kama mtu asiye na neno, mama yake akija kwenye sherehe amletee kanga ya rangi gani. Akasema rangi yoyote, mjomba. Yoyote itakayoshikwa na mkono wa mama.

Mdogo wako akupendaye,

Pazi bin Rehani