Tapeti za Zamani kwenye Kamshafti Mpya

Kinoo, Jumanne

Mpendwa Mama Sharon,

Natumai hamjambo wewe na watoto, na goti la mama limepunguza kuuma. Mimi mwili uko salama, roho ndiyo haiko. Naandika kwa sababu kwa simu ningesema nusu halafu nisingizie chaji, na wewe unanijua.

Ni habari ya ndugu yako Shadrack. Mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti, na yeye ameshajua. Lakini hayo mliyoambiwa huko, kwamba alisinzia kwenye usukani, acha kuyasema, tafadhali. Acha nikueleze.

Unajua ile lori ya mawe anayoendesha. Tajiri wake alilalamika haina nguvu ya kupanda mlima na mzigo, akataka niiwekee kamshafti kubwa zaidi, ule mhimili unaofungua vali, injini ipumue vizuri. Kamshafti niliipata River Road, mpya kabisa. Tapeti mpya, vile vyuma vidogo vinavyosukumwa na kamshafti ikizunguka, hazikuwepo. Wenye duka waliniambia ningoje wiki. Tajiri akasema, "Fundi, hizo za zamani zina nini? Wajenzi wa Kilimani wanangoja mawe." Sasa, hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua tapeti iliyozoea kamshafti ya zamani itaila mpya. Mimi nina miaka kumi na minane kwa gereji. Nilizipiga msasa zikang'aa, nikazirudisha. Nilijiambia hapa kwetu kila fundi hufanya hivyo, na ni kweli hufanya.

Siku nne Shadrack alinipigia simu kunisifu. Siku ya tano injini ikaanza kugonga, akaniuliza. Nikamwambia ni mpya, itazoea. Hilo neno, Mama Sharon, limenikaa kooni. Siku hiyo hiyo injini ilizima katikati ya mlima, breki zikaishiwa upepo ambao injini ndiyo huujaza, lori ikarudi nyuma na mzigo wote. Angeweza kuruka. Lakini huko nyuma kulikuwa na akina mama wanaouza mboga, akakaa na usukani mpaka akaiangusha mtaroni.

Tajiri ameandikisha polisi kwamba dereva alisinzia. Kisha akaniletea injini niifungue. Vinundu vya kamshafti vimelika vikawa bapa, na oili imejaa unga wa chuma. Nilifunika na gunia nikaenda hospitali.

Nilimweleza Shadrack yote. Akaniuliza, "Kwa hivyo sikusinzia?" Nikamwambia hukusinzia. Akasema wamemwambia hivyo kila siku mpaka akaanza kuukumbuka huo usingizi. Ndipo akalia, na mimi nikalia. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Kesho naipeleka kamshafti polisi, niandikishe kwamba ni kazi ya mikono yangu. Gereji hawatanitaka tena, na huenda nikawekwa ndani. Usimtume mtu kunisemea kwa tajiri.

Nisalimie watoto. Mjomba wako mzee wa kanisa, mwambie aniombee. Mama usimpe salamu zangu. Mimi ni mkwe wake, na sina uso wa kumsalimia. Mwambie tu mwanawe alikuwa macho.

Ni mimi mumeo,
Baba Sharon