Simu Imekufa

Jumanne, 11 Machi
Sindano ya asubuhi, uji, kufua. Baba Neema kashinda barazani na simu mpya aliyoituma Neema, binti yetu, kutoka Dodoma. Kidole kikipita juu ya herufi, kioo kinatetema, kila herufi kwa namna yake. Sauti kaizima, eti inamvurugia tuni kichwani. Tangu sukari imnyang'anye macho sijamwona akicheka. Leo kaniandikia neno moja: "Njoo." Nilikuwa jikoni. Nikaenda mbio. Akacheka.

Jumamosi, 15 Machi
Anatunga wimbo wa Pasaka. Ni mwalimu wa kwaya usharikani tangu kabla hatujaoana. Beti mbili kaziandika mwenyewe, kazituma mwenyewe. Mvua tupu, mlima hauonekani. Kahawa haijapaliliwa. Sijali.

Alhamisi, 27 Machi
Ubeti wa tatu hausomeki. Herufi zimerukiana. Wanakwaya wamenipigia mimi, wanaona aibu kumwambia. Yeye analaumu kioo. Anabonyeza kwa nguvu mpaka ukucha umepasuka. Damu kwenye simu, wala hana habari. Nimeifuta kimya.
Naogopa.

Ijumaa, 4 Aprili
"Mama Neema, simu imekufa. Haitetemi kabisa."
Kanipa. Ikatetema mkononi mwangu kama kifaranga.
Nikasema, "Kweli, imekufa. Nitaipeleka mjini kwa fundi."
Daktari alishatuonya kwamba ganzi ya miguu inaweza kufika mikononi. Miguu niliikubali. Vidole hapana. Macho yamekwenda, sasa na hivi? Leo nimemchukia Mungu. Naandika hivyohivyo, sifuti.

Jumatano, 9 Aprili
Nimeumbuka. Simu niliificha kabatini katikati ya sahani, nikasahau kuizima. Tukiwa mezani Neema akapiga. Sahani zikaanza kulia.
Baba Neema akaacha kula. "Hiyo si simu yangu?"
Nikafungua kabati.
"Ilete."
Nikamwekea kiganjani, bado inaita. Akaishika kwa mikono miwili. Akangoja. Kisha akaipeleka shavuni, na hapo uso ukamsawijika.
"Kumbe aliyekufa ni mimi."
Nikamwambia tuwashe sauti, ataandika kwa kusikia. Akasema, "Nitasikia herufi. Kidole changu nitakijuaje kiko wapi?" Nikamwambia basi anitajie mimi, niandike. Akageukia ukutani.
Kwa uongo wangu hajanigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.
Hatukwenda kanisani. Kwaya wameimba beti mbili, wakarudia wa kwanza. Mama mchungaji kapita kutuambia ilikuwa nzuri. Baba Neema kamshukuru vizuri tu.
Mvua imekatika. Nimepika loshoro, chakula anachokipenda. Nikaleta beseni na birika la maji ya uvuguvugu, nikamnawisha kidole kimoja kimoja, nikamfuta kwa taulo. Mikono ikabaki palepale, imenyooshwa juu ya beseni.
"Ninawishe basi, Mama Neema," akasema. "Chakula kinapoa."
Nikainua birika, nikamimina tena.