Kichwa cha Stendi cha Kumpigia Mzee Picha

Makongeni, Nairobi
Jumapili, tumetoka kanisani

Kwako Kilonzo, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Umeamkaje? Mimi niko, magoti yananiuma lakini bado yananibeba. Na huyo mwenye jina lako, babu yako, ameamkaje? Kikohozi kinampa nafasi ya kulala? Mama yako ameniandikia kwamba siku hizi hali kitu ila uji, na akikalishwa kitini anachoka kabla uji haujapoa. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi. Usinifiche kitu. Mimi si mtoto.

Ningekuwa huko, unajua. Lakini shangazi yako Mwikali bado hawezi kusimama tangu ajifungue hawa mapacha, na mume wake anaingia kazini reli kabla ya jua. Nikimshika mmoja, mwingine analia. Nikiondoka nani atawaogesha? Basi mimi niko hapa na mzee wangu yuko Migwani. Kuja siwezi, na yeye sijui kama ataningoja. Ndiyo sababu niliomba picha. Kitu kimoja tu niliomba.

Na wewe ukanitumia nini? Bahasha ilipofika niliita majirani waje wamwone mume wangu. Nikaifungua mbele yao, na maringo yangu yote. Mama Atieno wa mlango wa pili akaichukua, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Mama Mwikali, huyu ni nani?"

Nikamwambia, "Hayo ni magoti ya mume wangu."

Kilonzo! Magoti, na mguu wa kiti, na huko juu uso umevutika kama uji unaomwagika. Walicheka, na mimi nikacheka nao. Walipotoka sikucheka tena. Picha nyingine ya babu yako niliyo nayo ni ile ya kipande, kile kitambulisho chake cha zamani, amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa wenyewe. Huyo siye mtu aliyenioa.

Unaniandikia ati kichwa cha stendi, hapo kamera inapokaa, kimelegea, ati ulikifunga na raba ya tiubu ya baiskeli, na kamera ikainama yenyewe. Ulijua kimelegea! Ulikuwa unapiga nacho harusi huko nje kwenye jua kali, kamera inafungua jicho na kulifunga mara moja, kwa hivyo hakuna aliyejua. Lakini nyumba yangu huko Migwani ina dirisha moja. Mzee hatoki nje kwa sababu ya kifua na vumbi, na flashi inamuumiza macho. Humo ndani kamera lazima ikae wazi ikingoja mwanga. Ulifikiri raba itangoja nayo?

Sasa sikia. Nimekwenda duka lile uliloniagiza, pacha mmoja mgongoni. Muuzaji ni mzee wa Kihindi mwenye miwani, na Kiswahili chake kinashinda chako. Nikamwambia nataka kichwa cha stendi ya kamera.

"Cha gololi ama cha mikono, mama?"

Nikampa karatasi yako. Uliandika gololi, kwa sababu rafiki yako wa Mwingi anacho na kinang'aa. Akakileta. Kitu kidogo, gololi ya chuma imekaa ndani ya kikombe, na skrubu moja ya kukaza. Nikamwambia aweke juu yake kamera nzito kama hiyo yako uliyouziwa na wamisheni. Akaweka. Akalegeza ile skrubu, na kamera ikaanguka upande kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Aliidaka na mkono.

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Ukilegeza, kila upande unalegea pamoja. Ni haraka. Vijana wanapenda haraka."

"Na kama nataka kuinua kidogo tu, upande usisogee?"

"Hapo utahangaika."

"Atakayepigwa picha ni mzee mgonjwa. Hana nguvu za kungoja mtu akihangaika."

Akanitazama, hakucheka. Akaingia nyuma akaleta kingine, kikubwa, kibaya kama jembe, kina mikono mitatu. Mmoja unainua na kushusha. Mmoja unageuza kushoto na kulia. Mmoja unalaza ubavu. Ukilegeza mmoja, hiyo mingine miwili inabaki imekaza. Hapo nikaelewa.

Lakini sikumwamini kwa mdomo tu. Ukutani kulikuwa na msumari wa kalenda. Nikamwambia aelekeze kamera kwenye msumari, kwanza juu ya gololi, akaze, aiache. Nikaketi kwenye kreti nikamnyamazisha mtoto.

"Mama, unanunua ama unalala hapa?"

"Nakaa. Na kamera nayo ikae."

Akaniita nichungulie. Ilikuwa imeshuka kidogo, msumari umepanda karibu na ukingo. Labda kuna gololi nzuri za bei ya ng'ombe, lakini hiyo haikuwa mojawapo. Tukafanya vivyo hivyo na cha mikono. Nilikaa mpaka mtoto akalala, nikachungulia. Msumari ulikuwa pale pale. Nikatoa ile skrubu ya stendi yako uliyonitumia nipimie, ikaingia vizuri kwenye kichwa hicho. Nikalipa. Bei usiniulize.

Mutua wa lori la mbuzi anarudi Migwani kesho, atakuletea. Utalalamika ni kizito, mikono inachoma mfuko, na rafiki yako wa Mwingi atakucheka. Beba. Babu yako alibeba mihimili ya nyumba hiyo unayolala ndani.

Kikifika usingoje Jumamosi. Mkalishe mama yako kwenye kiti cha babu, karibu na dirisha, upange kila kitu ukimtazama yeye. Kaza mikono yote. Ndipo umlete mzee, avae koti la kijivu, kifungo cha juu kifungwe. Akikaa chini kidogo kuliko mama yako, legeza ule mkono wa kushusha peke yake, halafu ukaze. Usiguse mingine.

Na miguu ya stendi usiirefushe. Watu huwapiga wagonjwa kutoka juu, wanatoka kama watoto waliolazwa. Mimi sijaona mtu aliyemtazama babu yako kutoka juu, na wewe hutakuwa wa kwanza. Shusha stendi mpaka kamera ilingane na macho yake. Wewe piga magoti.

Msalimie mama yako, mwambie uji auchemshe na maziwa hata mzee akikataa. Msalimie baba yako akirudi kutoka Ikutha na ng'ombe wake. Msalimie mchungaji, na wamama wa kanisa wanaomchotea mzee maji. Nimesikia, na Mungu amesikia.

Mzee mwenyewe usimwambie acheke. Hajawahi kucheka akiambiwa. Akikuuliza atazame wapi, mwonyeshe kile kioo cha kamera, umwambie Syombua yuko upande huu, anamtazama.

Ni mimi susu yako,
Syombua