Jasho la Kumwachia Kisirani

Jumatatu, 4 Machi

Nimefukuzwa kazini kwa adabu. Daktari wa wanyama kaniambia kuanzia leo nisimsogelee Kisirani, nikautembelee mji. Mimi! Niliyemlea yule kifaru kwa chupa tangu ana siku tatu, nikapanda naye ndege hadi nchi za watu, leo naambiwa nikapige picha.

Sababu yao naielewa. Viza yangu inaisha Ijumaa. Lazima azoee kunywa maziwa kwa mlezi mpya — binti mmoja mwembamba, nimempa jina Mrithi. Kule kwetu Kisirani hana kifaru mwenzake. Hapa wapo wawili wa rika lake, ng'ambo ya uzio. Basi.

Mji nimeutembea. Ghorofa za vioo, treni inayopita chini ya ardhi kama fuko. Bustanini kindi wanene kama wenyeviti, hawamwogopi mtu, hata mimi niliyewahi kukimbizwa na nyati mara mbili! (Mara moja. Lakini nyati walikuwa wawili.) Kindi mmoja kasimama wima, kanitazama kama ofisa wa uhamiaji. Nikageuka nimwonyeshe mtu. Hakuna mtu.

Jumanne, 5 Machi

Hajanywa. Tone moja hajanywa!

Mrithi kaja mwenyewe nyumba ya wageni kunieleza. Tunaongea Kiingereza cha kuchangiana: yeye nusu, mimi robo, mikono inamalizia. Anasema Kisirani kaipiga chupa kwa pua, kisha akamgeuzia makalio. Nikacheka sana. Kumbe mwenzangu hacheki. Daktari kasema ikifika kesho jioni hajanywa, atachomwa sindano ya usingizi apitishiwe mpira hadi tumboni.

Kisirani wangu, mpira!

Nikamwambia: mwanangu, usitie shaka, mwalimu wako si wa jana. Kifaru haoni mbali, dunia yake yote iko puani. Ninalo ovaroli langu la kazi, miezi mitatu halijaonja maji. Mke wangu hulilaza nje. Utalivaa wewe, na kazi itakuwa imekwisha.

Nikapanda chumbani kulichukua. Kitini halipo! Mama mwenye nyumba huyu hapa, kaniletea mkononi, tabasamu hadi masikioni. Kalifua. Kalipiga na pasi. Linanukia maua.

Utamgombeza vipi mtu kama huyo? Kaona mgeni mchafu, akamhurumia. Nimemshukuru kwa mikono miwili. Halafu nimekaa kitandani nikiwa nimelipakata kama msiba.

Nimempigia mke wangu. "Mke mwenzangu hajambo?" — ndivyo anavyomwita Kisirani. Nikamsimulia yote. Kacheka mpaka simu ikakatika. Kapiga tena: "Baba watoto, kwani jasho limekuishia mwilini? Si utoe jingine!"

Nimemwoa kwa sura, nasema siku zote. Uongo mtupu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeukimbia mji mzima nikiwa ndani ya ovaroli. Baridi inang'ata masikio, mimi natafuta jasho! Nimepita soko la maua, daraja la chuma, mnara wa saa — mji huu sasa naujua kuliko meya wao. Mzee mmoja mwenye mbwa kanipigia makofi. Mbwa ndiye aliyeelewa: kanifuata mitaa miwili, pua juu. Nikasema hapo sawa, mzigo umeiva.

Saa kumi Mrithi kalivaa. Mikono kaikunja mara tatu. Kaziba pua, akaniomba radhi. Nikamwambia pumua, hiyo ndiyo shule yenyewe. Nimemfundisha na maneno: "Kunywa wewe, unamringia nani?" Kiswahili chake kama mtu anayetafuna kokoto, lakini kukaripia anajua. Ana mama mkali huyu, si bure.

Mimi nimefichwa nyuma ya stoo ya majani, upande ambao upepo hauwezi kunisaliti. Daktari kaketi pembeni yangu. Naandika hapa hapa, daftari gotini, nisije nikakohoa kwa wasiwasi.

Kimya. Namsikia Mrithi anakaripia. Kimya tena.

Ile sauti! Kama mtu anayevuta kiatu matopeni. Ananyonya! Anakunywa!

Nilijua nitaruka. Sijaruka. Siku mbili namwombea anywe, sasa anakunywa, na mimi naona wivu funda kwa funda. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu!

Chupa imekwisha.

Ameita. Kale kamlio kembamba — kilo mia tano, sauti ya kifaranga. Kwetu huita hivyo akishashiba. Anataka akunwe nyuma ya sikio la kushoto, kwenye mkunjo, mpaka macho yafumbe. Bila hivyo halali, huzunguka zizi mpaka miguu imuume. Mrithi hajui. Nimemfundisha kila kitu, hilo nilisahau.

Sikusahau.

Ameita tena. Mrithi anasema kitu kwa sauti, daktari kanigeukia: anataka nini? Kusema siwezi, Kisirani atanisikia. Lakini nikigusa tu sikio langu, wataelewa wote wawili.

Mkono mmoja bado umeshika daftari, wa pili kalamu. Daktari anangoja.

Anaita mara ya tatu.