Kabla Hujafuta CD

Salma mjukuu wangu, marahaba. Huku Kipawa tu wazima, ila goti la bibi yako bado linamsumbua.

Unataka kufuta CD moja, nawe hujui kati ya draivu zako mbili ipi ndiyo kompyuta inaiita sr0. Andika amri ya kufungua, eject sr0, kwenye kompyuta, uone ipi inafunguka. Usikisie, tafadhali. Zamani, nikifanya kazi studio ya kurekodi, mie nilikisia, nikafuta CD ya harusi ya mteja. Bibi harusi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na dua ya baba nayo imefutika?" Baba yake alikuwa ameshafariki.

Hiyo CD iliyo kwenye draivu ya pili, yenye sauti ya marehemu mama yako, ni moja tu. Itoe kwanza, uishike mkononi, kisha unipigie. Hapa hata chai imenishinda.

Babu yako