Tela Iliyogeukia Ziwa

Mwaloni, upande wa Bunda
Jumanne asubuhi

Kwako Dada Yusta,

Shikamoo dada yangu. Naamini barua hii itakukuta mguu umepata nafuu na ukungu wa Makete haujakufungia jikoni na moshi. Viazi mmeshachimba? Na yule ng'ombe mkorofi aliyekukanyaga, bado yupo au mmeshamla? Kama yupo, mwambie siku nikija tutaonana.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mengine nitayaeleza, ndiyo maana nimekaa na karatasi. Najua unashangaa, mtu mwenye simu anaandika barua kama mwanafunzi wa bweni. Ningeweza kukupigia, dada, lakini ukiniuliza "Ayubu, mko salama?" mdomo wangu hujibu "salama" kabla sijafikiri. Miaka miwili sasa nakujibu hivyo. Karatasi angalau hainiulizi.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya tela. Ndiyo, tela, na ina chumba ndani. Nimeitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na kama isingekuwa hiyo tela nisingekuwa hapa nikiandika haya.

Ilianza hivi. Mwanzoni mwa mwaka walikuja karakanani kwangu Buhongwa Wazungu wawili wazee, mume na mke, tela yao imekatika mkono wa kukokotea. Ndani mna kitanda, jiko na rafu ya vikombe. Walikuwa wakizunguka ziwa, wanalala ufukweni popote panapowapendeza. Nilichomelea ule mkono huku wao wamekaa kwenye viti vya turubai na chungwa moja, mzee anamenya, mkewe anakula. Dada, niliwaonea wivu. Tela sikuitamani. Nililitamani lile chungwa, kwa sababu mimi na Pendo tangu mwanetu Elia atutoke hatujala kitu pamoja tukacheka.

Nyumba yangu ilivyo sasa huijui, kwa kuwa sikukuambia. Pendo analala chumba cha Elia. Chakula ananipikia, nguo ananifulia, salamu ananipa. Nikisema jambo anajibu "sawa". Neno hilo limenichosha kuliko tusi.

Basi nikaona dawa ni tela. Fundi akipata shida hutafuta chuma. Nikapata ekseli ya gari kuukuu, nikaunga mabomba ya mraba, nikaezeka bati, ndani nikapiga plaiwudi. Miezi mitatu, kila jioni baada ya kazi za watu. Mtaa mzima ulinicheka. Mmoja ananiuliza, "Fundi, hapo utauza chipsi au supu?" Mwingine akaipachika jina, Gesti ya Ayubu, na jina likashika. Nikawaacha waseme, nikajiambia penye nia pana njia.

Kazi ilikuwa kumshawishi Pendo. Nikamwonyesha kitanda, akasema, "Mbu wa ziwani unawajua wewe?" Kesho yake nikaweka wavu madirishani. Akasema, "Na viboko je?" Nikamwambia hii tela yenyewe ina uzito wa kiboko, hakucheka. Akasema mgongo wake hauwezi kulala kwenye ubao. Nikaleta godoro. Kila alilosema nililitafutia dawa, nikidhani nambembeleza mwanamke mwoga. Pendo mwoga! Mtoto wa Kijita aliyezaliwa hatua chache kutoka majini!

Siku nilipomaliza kupaka rangi nikamwita aje aone. Nilipaka bluu aipendayo. Nikasema, "Mama Elia, twende japo siku mbili. Tutalala ufukweni, tutakaanga samaki, tutapumzika."

Akaizunguka tela mara moja, anagusa maungio kwa kidole. Kisha akasema taratibu, "Ayubu, mimi mchangani nilishalala siku nane. Wewe ulikaa ngapi?"

Nikajibu, "Tatu."

"Mbili na asubuhi," akasema, akaingia ndani.

Hapa ndipo ninapotakiwa kukueleza nililokuficha.

Huku kwao Pendo, mtu akizama ziwani haombolezwi nyumbani kwanza. Anasubiriwa. Ndugu huja mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, wakalala mchangani wakitazama maji mpaka ziwa limrudishe mtu wao. Hawapiki, wanaletewa uji na watu wa pale. Na neno la kuondoka halitoki kwa mzee wa ukoo wala kwa mchungaji. Linatoka kwa mama wa aliyezama. Akisema twende, wote wanaondoka, amepatikana au hajapatikana. Asiposema, wanakaa.

Elia alikuwa amekwenda kuvua dagaa na wajomba zake. Upepo ukaupindua mtumbwi. Wenzake wawili waliokolewa, yeye hakuonekana. Tukaja hapa hapa ninapoandikia. Siku ya kwanza nilitazama maji. Ya pili nilitazama maji. Asubuhi ya tatu nikahisi nitapasuka. Sisi tumelelewa milimani, dada. Kwetu msiba una nyumba, una moto, una watu wa kuchimba. Mtu akifa leo, kesho kutwa yuko ardhini na tunajua pa kulilia. Kukaa mbele ya maji yanayong'aa utadhani hayakufanya kitu, sikuweza. Nikamwambia Pendo narudi Buhongwa kupokea waombolezaji. Yeye anasema nilikimbia, na ni kweli nilikimbia.

Nyumbani watu walijaa, kila mmoja anauliza mazishi lini. Mzee mmoja jirani akaniambia kwao mwili usipopatikana huzikwa shina la mgomba mahali pake, ili marehemu apate pa kulala na walio hai wapumzike. Nililidaka neno hilo kwa mikono miwili. Sikuuliza kama kwao Pendo wanafanya hivyo, wala sikumtumia ujumbe. Tukakata mgomba, tukauvika sanda, tukaulaza kwenye jeneza, tukapigilia misumari, tukazika. Kwaya iliimba. Siku hiyo ndipo nilipokupigia nikasema, "Dada, Elia amepatikana, tumemzika vizuri." Ulilia, ukamshukuru Mungu kwamba angalau amepatikana. Nami nikaitikia.

Siku ya nane nikaja kumchukua Pendo. Nilimkuta amekaa mchangani na shangazi yake, midomo imepasuka kwa jua. Nikamwambia, "Amka twende, yamekwisha. Tumeshazika."

Akauliza, "Mmemzika nani?"

Neno la kuondoka hakulisema. Nilimwinua mwenyewe nikampakia garini.

Hayo yote yalinirudia nimesimama na brashi ya rangi mkononi. Miezi mitatu nilikuwa namshawishi mke wangu aje kulala ufukweni kwa raha, naye anajua watu wa kwao hulala hapo wakiwa wanasubiri maiti. Na nilimkasirikia kwa ajili ya mbu! Nilijiona mjinga, na zaidi ya mjinga nilijiona mwovu. Nikamfuata jikoni nikamwambia, "Pendo, tuipeleke mwaloni kwenu. Hatuendi kupumzika. Tutakaa mpaka wewe useme."

Alikuwa anachambua mchele. Safari hii hakujibu sawa. Alisema, "Mlango utazame ziwa."

Tulifika Alhamisi mchana, tela inavutwa na kirikuu, kigari cha mizigo cha jirani, kilichokuwa kinahema kila tukipanda kilima. Nikaigeuza mpaka mlango ukatazama maji. Nikiri, moyoni bado nilikuwa na kikaango. Nilikuwa nimepakia mafuta, machungwa, na viti viwili vya turubai nilivyoshonesha kama vya wale wazee. Pendo alipakia kitenge cheusi na Biblia ya Elia.

Ijumaa asubuhi wakaja wanawake watatu, mbele yao yule shangazi yake, Bibi Nyamisi, na ndoo ya uji kichwani. Wakavua kandambili kabla ya kutukaribia. Bibi akasema, "Poleni na kusubiri, wanangu."

Niliona aibu, dada. Viti vya turubai viko pale, kikaango kiko pale. Mdomoni nilikuwa tayari na maneno, "Hapana shangazi, sisi tumekuja kupumzika tu." Pendo akanitazama. Alikuwa anangoja nitakachosema, na nilijua nikiyatamka hayo nitarudi Buhongwa peke yangu, na nitabaki peke yangu.

Nikasema, "Asanteni mama zetu. Bado hajaja."

Hapo nikalia. Sikuwa nimelia tangu siku ile. Wewe ulinisifu kwenye simu kwamba nimejikaza kiume. Nililia nimeshika kikombe mpaka uji ukapoa. Mwanamke mmoja akataka kuninyamazisha, Bibi Nyamisi akamzuia. "Mwache," akasema, "baba naye amefika."

Leo ni siku ya sita. Hatuongei sana. Asubuhi tunaletewa uji, mchana dagaa na ugali, tunashukuru, tunatazama maji. Viti nilivikunja nikavisukumia uvunguni, tunakaa mchangani. Tunalala kitanda kimoja, jambo ambalo lilikuwa limekwisha kati yetu, kila mmoja ameelekea mlango. Sitakudanganya kwamba kuna raha. Ziwa halijaleta kitu na halitaleta, miaka miwili ni mingi. Pendo analijua hilo kuliko mimi. Jumapili maji yalitupa ndala moja ya mguu wa kushoto. Aliikimbilia, akaigeuza, akairudisha majini. Ilikuwa ya mtoto mdogo. Akarudi akakaa pale pale alipokuwa.

Jana jioni akaniuliza, "Dada yako anajua?"

"Anajua nini?"

"Usinichezee, Baba Elia. Kila mwaka anatuma gunia la viazi na ujumbe kwamba tumpelekee Elia maua. Nimechoka kuupelekea mgomba maua."

Akaniambia neno la kuondoka hatalisema mpaka nikuandikie ukweli, na barua aisome yeye kabla haijafungwa.

Basi ukweli ni huo. Kaburi la Buhongwa halina mtu. Sala zako naamini zilimfikia Mungu, lakini mahali nilipokutajia palikuwa pa uongo. Nimekudanganya wewe uliyenibeba mgongoni mama alipofariki, wewe uliyenifundisha hata kufunga vifungo vya shati. Nilijua nikikuambia hajapatikana utapanda basi, siku mbili njiani, uje ukae hapa mchangani na Pendo. Ungekaa, nakujua. Na mimi ningebaki mtu pekee wa ukoo wetu aliyekimbia. Niliona bora nidanganye. Nisamehe, dada. Ukiona bado ni mapema, nitangoja. Kungoja sasa nimefundishwa.

Nisalimie shemeji, mwambie ile mashine yake ya kusagia nitaitengeneza nikija, asimpe fundi mwingine aiharibu. Msalimie mama mdogo pale ng'ambo ya mto, lakini habari hii umweleze taratibu, ana presha. Msalimie binti yako mwalimu, na mumwambie mjukuu wetu aliyepewa jina la Elia aendelee nalo, asiogope. Na mchungaji wenu akisoma majina ya marehemu wetu, la Elia alisome pamoja na waliopotelea majini, asilisome na la waliozikwa.

Naishia hapo kwanza. Nampa Pendo asome.

Amesoma. Amesoma mara mbili, kidole kwenye mstari. Nilikuwa nimesimama pembeni nikijifanya nakagua matairi. Kisha akasema, "Umesahau viatu."

Sikusahau, dada. Nilitumaini yeye amesahau.

Siku ile, kabla hatujapigilia misumari, tulipoliinua jeneza mgomba ulikuwa unateleza huku na huku, na mlio wake watu wangeusikia. Nikaingia chumbani kwa Elia, nikavuta chini ya kitanda viatu vyake vya ngozi vya kipaimara, jozi pekee aliyoiacha nyumbani, nikavisokomeza miguuni pa mgomba viukaze. Mama yake alikuwa hapa mwaloni anamsubiri. Sikumwuliza. Aliporudi alivitafuta siku tatu, anainua godoro, analishusha, anainua tena, nami namwangalia na kunyamaza. Siku ya nne ndipo nilipomwambia. Ndiyo siku aliyohamia chumba kile.

Nimeyaandika haya akiwa amesimama nyuma ya bega langu, anasoma neno kwa neno. Nilipofika kwenye nukta akageuka akatazama maji. Kisha akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Twende," akasema. "Twende tukavitoe viatu vya mwanangu."

Dada, hilo ndilo neno. Ruhusa ya kufukua nitaomba ninakotakiwa kuomba, na nitachimba mwenyewe, peke yangu. Sasa hivi anakung'uta mchanga kwenye godoro, nami nafunga tela.

Mdogo wako, ambaye kuanzia leo hakudanganyi,

Ayubu, Baba Elia